Mtoto Hajambo, Mama Je?

Kama kuna mtu anayependwa mjini siku hizi, basi ni mwanamke mwenye mimba ya kwanza. Ofisini anaachiwa kiti kilicho karibu na feni. Kwenye daladala hata konda mwenye mdomo mchafu anapiga kelele, "Mpisheni mama kijacho!" Mashoga wanachangishana, ukumbi unakodiwa, keki inakatwa, maboksi ya pampasi yanapangwa mpaka juu ya kabati. Halafu mtoto anazaliwa. Kuanzia dakika hiyo simu zote zinazoingia zina maswali yale yale. Mtoto hajambo? Ana kilo ngapi? Kamfanana nani?

Mama mtu, ambaye wiki iliyopita alikuwa malkia, sasa amekuwa chupa ya maziwa yenye miguu.

Sisemi watoto wasipendwe. Mimi mwenyewe ni mama, na wa kwangu akipiga chafya tu natafuta kipimajoto. Ila nimehariri kurasa hizi kwa miaka kadhaa na nimeona jambo moja. Barua na meseji za wasomaji kuhusu ujauzito hazina idadi: nile nini, nilalie ubavu gani, nivae nini kwenye harusi ya shemeji. Zinazohusu siku arobaini za baada ya kujifungua zinahesabika kwa vidole, na karibu zote zinaanza na maneno "naona aibu kuuliza". Ndiyo maana mwezi huu nasimulia ya kwangu, pamoja na yale ya chini ya kitovu. Kama unasoma huku unakula chakula cha mchana, maliza kwanza.

Nilijifungua mwaka 2019, katika hospitali moja hapa Dar es Salaam, nikiwa na miaka 29. Njia ilikuwa ya kawaida, lakini niliongezewa njia, yaani nilichanwa kidogo mtoto apite, nikashonwa. Kesho yake saa nne asubuhi tukaruhusiwa. Kabla hatujatoka, nesi wa zamu alisimama katikati ya vitanda vyetu sita akatueleza yote kwa mkupuo: usafi wa kitovu, kunyonyesha, dalili za hatari, uzazi wa mpango, kliniki lini, chanjo lini. Alieleza vizuri, kwa upole, na wala hakumkaripia mtu. Sasa mimi digrii yangu ni ya mawasiliano ya umma. Nimefundishwa kwamba ujumbe haujafika mpaka anayeupokea ameuelewa. Nakuhakikishia, pale wodini hakuna aliyepokea hata robo. Mmoja alikuwa analia, mmoja anatafuta kandambili, na mimi nilikuwa nawaza nitakaaje kwenye kiti cha gari na zile nyuzi.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba wauguzi wenyewe wanalijua jambo hili zamani sana. Mwaka 1961 muuguzi mmoja wa Marekani, Reva Rubin, aliandika kwamba siku moja au mbili za mwanzo mzazi bado yuko katika kupokea. Anataka kulala, anataka kula, anataka kusimulia uchungu wake kwa kila anayeingia. Ni baada ya hapo ndipo anapoanza kushika mambo mwenyewe, anauliza, anataka kujua kama anafanya sawasawa. Kwa hiyo kumpa mzazi somo zima asubuhi ya kuruhusiwa ni kama kumimina uji kwenye chupa yenye kizibo. Na siku ya tatu, kizibo kinapofunguka, nesi hayupo! Yuko wodini na wazazi wengine sita. Wewe uko nyumbani na mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga, na nampenda, aelewe hivyo akisoma. Alishuka kwenye basi na mabegi matatu, na katika begi moja mlikuwa na pilipili manga ya kutosha kupika uji wa kijiji. Salamu zilipoisha aliuliza sufuria kubwa iko wapi. Alitaka kunikanda.

Kwa wale ambao hawajapitia, kukandwa ni kuminywa tumbo, kiuno na kwingineko kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, na si moto wa kuogea, moto wa chai. Lengo ni kutoa "damu chafu" na kurudisha tumbo. Mama yangu mzazi, ambaye ni Mchaga, alipofika na mkungu wake wa ndizi za mtori, alisema kwao mzazi alikuwa anakaa ndani miezi mitatu akila na kulala tu. Wakaanza kushindana kwa heshima, kila mmoja na sufuria yake. Mimi niko kitandani, maziwa ndiyo kwanza yanajaa, matiti yamekuwa mawe, chuchu moja imepasuka, na tangu nijifungue sijathubutu kwenda haja kubwa kwa kuogopa nyuzi. Hilo la mwisho sikuwa nimemwambia mtu, hata mume wangu. Utaanzia wapi?

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mkunga mmoja mstaafu. Mtaa mzima unamwita Mama Nesi, na nadhani hata wapangaji wake hawalijui jina lake. Amekaa wodi za wazazi zaidi ya miaka thelathini. Jioni ya siku ya tatu alibisha hodi, hakuitwa na mtu, aliona tu nepi zimeanikwa kwenye kamba. Akaamkiana na wakubwa wenzake, akapewa chai, akaletewa mtoto. Akamtazama, akamsifia, halafu akamrudisha mikononi mwa mama mkwe na kusema:

"Mjukuu wako huyo, dada. Mimi nimemfuata huyu."

Huyu ni mimi. Nusura nilie.

Suala la maji ya moto lilikuja lenyewe, maana sufuria ilikuwa inatokota. Mama Nesi hakugomba. Angeweza kugomba, kwa sababu ameona kwa macho yake wazazi walioungua tumbo, na mmoja aliyekandwa juu ya mshono wa upasuaji mpaka kidonda kikafumuka. Badala yake alinishika mkono, akanikalisha, akanipa mtoto nimnyonyeshe. Kisha akauchukua mkono wa mama mkwe akauweka chini kidogo ya kitovu changu. "Ngoja," akasema. Mtoto alivyovuta, tumbo likajikunja, pakatokea kitu kigumu kama chungwa. "Umekisikia? Hicho ni kizazi, kinajikanda chenyewe. Kila mtoto akinyonya kinajibana, na damu inatoka kwa kipimo chake. Maji yako mazuri, lakini hayafiki huko. Yanaishia kwenye ngozi."

Mama mkwe alikaa kimya na mkono wake pale pale, kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Sasa maji haya nimwage?" Mama Nesi akasema hapana, yaache yapoe mpaka uvuguvugu, taulo lichovywe, nikandwe mabega na mgongo, maana ndivyo vinavyouma kwa kuinama na mtoto. Basi jioni hiyo nilikandwa mabega na mama mkwe mwenyewe, na ni moja ya vitu vitamu nilivyowahi kufanyiwa na binadamu.

Watu wakatoka chumbani, tukabaki wawili. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya nesi kwa mzazi ni ipi. Mimi nilitegemea ataniosha, atanifunga, atanipaka. Wapi! Alinipa kioo kidogo cha kujipodolea, akaniambia nijitazame nyuzi zangu. Nilikataa. Akasubiri. Mwisho nikatazama, na nikuambie ukweli shoga yangu, palikuwa pamevimba lakini palikuwa padogo kuliko kilichokuwa kichwani kwangu. "Sasa umekuona huko," akasema, "ukiona pamebadilika utajua, hutahitaji mtu." Akanielekeza kusafisha kwa maji safi kila nikitoka chooni, nikianzia mbele kwenda nyuma, kukausha kwa kugusa bila kusugua, na kubadili pedi mara kwa mara hata kama haijajaa. Kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ruksa, kunapunguza maumivu. Zile dawa kali za kuulia vijidudu ambazo wengi tunamimina kwenye beseni alizikataza, zinaunguza nyama inayojaribu kupona. Na haja kubwa? Maji mengi, papai, mboga, na siku ya kwenda weka kitambaa safi ubane mshono kwa mkono kwa mbele, usikamue. Nyuzi hazitafumuka. Hazikufumuka.

Kwenye titi alitumia dakika kumi. Tatizo langu lilikuwa mtoto anashika chuchu peke yake, wakati anatakiwa aingize mdomoni na sehemu kubwa ya ile nyeusi, kidevu kikigusa titi, midomo imefunguka kama samaki. Unamwachia afunue kinywa wazi kabisa, ndipo unamleta yeye kwenye titi, si titi kwa yeye. Likiwa limejaa mpaka gumu, kamua kidogo lilainike, kisha mpe. Chuchu iliyopasuka, paka tone la maziwa yako mwenyewe, iache ikauke kwa hewa. Kila hatua alinifanya nirudie mwenyewe, akikunja mikono kifuani. Nilipolalamika kwamba si angenishikia tu, alicheka: "Saa nane usiku nitakuwa kwangu nimelala."

Kumbe hata hilo limeandikiwa vitabu. Kuna Mmarekani mwingine, Dorothea Orem, ambaye kitabu chake cha mwaka 1971 kinafundishwa vyuo vya uuguzi sehemu nyingi. Hoja yake, kwa lugha ya sokoni, ni kwamba binadamu anatakiwa ajihudumie mwenyewe, na nesi anaingia pale tu uwezo wake unapopungukia, kisha anarudi nyuma kadiri mwenyewe anavyopata nguvu na maarifa. Nilimuuliza Mama Nesi kama anamfahamu. Akasema walimkariri kwa ajili ya mtihani, akamwelewa miaka ishirini baadaye.

Kabla hajaondoka siku ile alinipima presha, ikawa nzuri. Akaniachia maagizo, safari hii akili yangu ikiwa imefunguka. Damu: mwanzo ni nyekundu, baadaye hudhurungi au pinki, mwisho manjano-manjano, na inaweza kwenda wiki nne mpaka sita. Ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au mabonge makubwa, au harufu mbaya, ni hospitali. Homa, hospitali. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukata, hospitali. Titi lenye sehemu nyekundu, linauma na lina homa juu yake, hospitali, na usiache kunyonyesha. "Na kichwa kikigonga kwa namna usiyoijua, au macho yakiona vimulimuli," akasema, "usinywe panadol ukalala. Nipigie."

Siku ya sita, saa tano asubuhi, kichwa kiligonga kwa namna nisiyoijua. Mume wangu alikuwa amesharudi kazini. Mama mkwe alisema ni usingizi, na kwa kweli nani angemlaumu, sikuwa nimelala zaidi ya saa mbili mfululizo kwa wiki nzima. Lakini nilipomtazama alipokuwa amesimama mlangoni, pembeni yake palikuwa na nyota ndogo ndogo zinacheza. Nikapiga simu.

Mama Nesi alikuja na kanga mabegani na mashine yake ya presha. 168 kwa 112. Akapima mkono wa pili. Akarudia wa kwanza. Halafu akamwambia mama mkwe, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Dada, tunaondoka sasa hivi. Mtoto tunakwenda naye."

Hospitalini mapokezi wakauliza, "Ana mimba?" Hana. "Basi apange foleni ya kawaida." Mama Nesi aliinama kwenye lile dirisha. "Ana siku sita tangu ajifungue na presha yake ni hii hapa." Foleni ikafunguka. Nilichomwa sindano ya kuzuia degedege, ile ya magnesiamu, mwili mzima ukawaka kama nimewekwa karibu na tanuri, nikapewa na vidonge vya kushusha presha. Nililazwa siku nne. Sikupata degedege. Kitanda cha jirani kulikuwa na dada mmoja aliyeletwa akiwa tayari amepata, amejing'ata ulimi, ndugu zake walidhani ni mashetani ya uzazi na wakapoteza siku nzima. Alipona, lakini sikuwahi kulala vizuri nikimsikia anavyopumua.

Nikwambie kinachotuponza? Ni jina. Tunauita ugonjwa huu kifafa cha mimba, basi watu wanaamini mimba ikitoka na kifafa kimeondoka. Si kweli. Unaweza kuanza baada ya kujifungua, mara nyingi ndani ya siku za mwanzo, ila unaweza kujitokeza mpaka wiki sita, hata kwa mtu ambaye mimba yake nzima presha ilikuwa safi kama yangu. Aliyewahi kuupata anatakiwa aseme kliniki mapema mimba inayofuata, na apime presha yake kila mwaka hata akiwa bibi, kwa sababu unaongeza uwezekano wa matatizo ya moyo baadaye.

Nchi yetu imepiga hatua, lazima niseme. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka mpaka 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya utafiti wa 2015-16, na kwamba asilimia 81 ya waliojifungua walijifungulia kwenye vituo vya afya. Tumefaulu kumfikisha mjamzito hospitali. Kilichobaki kwa wengi ni kumfuata anapotoka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, linataka mama aliyejifungua salama akae kituoni angalau saa 24, kisha aonwe mara tatu nyingine: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Ile ya wiki ya sita tunaenda wote, maana kuna chanjo. Lakini tazama kinachotokea pale benchi: mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, kadi inagongwa muhuri, haya anayefuata! Sema, "Na mimi je?" Omba upimwe presha, uangaliwe weupe wa macho kama damu imepungua, uangaliwe mshono. Hakuna nesi atakayekufukuza kwa kuuliza. Akinuna, nuna naye, lakini upimwe.

Wenzetu Uholanzi wana utaratibu unaoitwa kraamzorg, mhudumu wa uzazi aliyesomea anakuja nyumbani kwa mzazi kwa siku kama nane, na bima inabeba sehemu kubwa ya gharama. Nilipousoma nilicheka, kwa sababu arobaini ya bibi zetu ilikuwa ni hiyo hiyo, ila bila mashine ya presha. Mimi siungi mkono wanaosema mila zote zitupwe. Mtori, uji, kupumzishwa, kutoshika ufagio, hayo ni matibabu. Nataka tu pawepo na mtu mmoja mwenye leseni katika ule umati wa masufuria.

Na akina baba mnaosoma ukurasa huu kwa kujificha, mnahusika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba kwa kawaida anapewa angalau siku 3. Tatu! Mume wangu alizitumia moja kufuatilia karatasi za bima na moja kupokea wageni. Aliyonifaa zaidi ni ile kazi aliyojipa baada ya mimi kulazwa: mlinzi wa mlango. Wageni mwisho saa kumi na mbili jioni, nusu saa tu, na anayetaka kumbeba mtoto anawe mikono. Shangazi zake wawili walinuna. Usiku alikuwa anaamka kuniletea mtoto na maji ya kunywa, kisha anambadilisha nepi mimi nikiwa nimeshalala. Nilimpenda upya, sisemi utani.

Ya chumbani nayo tuyaseme, maana ndiyo yaliyowaleta wengine. Pwani na bara wazee wanatisha kwamba mkikutana kimwili mapema mtoto "atabemendwa", atakonda na kuchelewa kutembea. Mama Nesi anasema mtoto anayekonda ana njaa, anaharisha au anaumwa, apelekwe hospitali badala ya wazazi kuanza kuchunguzana nani kafanya nini. Ila aliongeza kwamba wazee walikuwa na hila nzuri, woga huo uliwapa wanawake mapumziko. Kinachoangaliwa ni damu ikatike, kidonda kipone, na mama mwenyewe atake. Kwa wengi ni kama wiki sita, wengine zaidi, hasa kwa vile anayenyonyesha hukauka na anaweza kuumia. Na mimba nyingine inaweza kuingia kabla hujaona siku zako hata mara moja. Kunyonyesha kunakinga ikiwa tu mtoto hajafika miezi sita, ananyonya maziwa ya mama peke yake mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Kimoja kikikosekana, nenda ukachague njia.

Mara ya mwisho Mama Nesi kuja kwa shughuli hii ilikuwa wiki ya tatu, na hakuwa na mashine. Aliniuliza swali moja la ajabu: "Mtoto akilala, na wewe unalala?" Nikasema nazimika kama taa. Akafurahi. Mzazi aliyechoka analala, alisema, lakini mzazi ambaye mtoto amelala, nyumba imetulia, na yeye macho kodo anawaza mabaya, huyo ana jambo. Kulialia siku za mwanzo ni kawaida na kwa wengi kunapita ndani ya wiki mbili. Kusipopita, ukakosa hamu ya kula, ukamwona mtoto kama wa mtu mwingine, ukahisi bora usingekuwepo, hiyo ni sonona, ni ugonjwa na una tiba. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mzazi mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua. Wauguzi wana dodoso la maswali kumi lililotungwa Uingereza mwaka 1987, linajazwa kwa dakika chache, na swali lake la kumi linauliza kama umewahi kufikiria kujidhuru. Rafiki yangu wa karibu alikuja kuulizwa swali hilo mtoto akiwa na miezi minne. Alisema ndiyo, kwa mara ya kwanza kwa sauti. Mpaka siku ile kwao walikuwa wanasema ana kiburi cha kusoma.

Utampata wapi nesi kama huna jirani kama wangu? Uliza ukiwa bado na mimba. Kliniki unayohudhuria wanawajua wakunga wanaotembelea nyumbani, na mitaani wastaafu wapo. Hakikisha ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, msiogope kuomba kuiona, mwenye nayo haoni vibaya. Vijijini na mijini kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao Serikali ilizindua mpango wao mpya Januari 2024. Kubalianeni bei na siku kabla ya uchungu: moja siku ya tatu, moja siku ya saba, moja wiki ya pili. Kwenye michango ya sherehe, badala ya kitanda cha mtoto ambacho mtoto atakikataa, mashosti wanaweza kulipia hizo.

Haya niliyaeleza ofisini kwa kijana wetu anayepanga kurasa, ambaye mke wake ana miezi minane. Kwanza alibisha, nesi wa nini wakati mtoto ana bibi wawili? Nikampa makala hii aipange, aisome huku anaipanga. Jana jioni alinirudishia kurasa zimepigwa chapa, kazi safi, picha zimekaa mahali pake. Pembeni ya ile aya ya chumbani alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo kabisa: "Wiki sita ZOTE?"

Nikamwandikia hapo hapo chini: "Kamuulize nesi."